Simba wa Saadani, Kaa wa Sahare

Jumapili jioni Tanga, watu wakishatoka Raskazone na nguo zikiwa bado na chumvi, simu zinaanza kulia mfululizo. Ni saa ya kurushiana picha. Mwenye watoto wanaoruka majini atawatuma, mwenye lundo la machungwa ya Muheza kando ya barabara atalituma, na hakosi mmoja aliyepata lifti mpaka Saadani akarudi na simba. Huyo wa simba atasifiwa mpaka Jumatano. Wa machungwa ataambulia kidole gumba kimoja, tena cha shemeji yake.

Sina ugomvi na simba. Saadani ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ilitupa kitu ambacho hifadhi nyingi za bara hazina: pori linaloishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Anayefika pale ana haki ya kutamba. Ninachobishia ni mizani. Mchezo huu wa kupiga picha na kugawana kila wiki tunaupima kwa bahati: nani kaona kikubwa, nani kaona adimu, nani kawahi. Mimi naona thamani yake iko kwenye kurudia. Mtu aliyepiga ukingo uleule wa mikoko ya Sahare kila Jumapili kwa mwaka mzima amefanya kazi kubwa kuliko aliyepiga simba mara moja, hata kama hakuna picha yake hata moja inayomfanya mtazamaji asimamishe kidole.

Kabla ya kufika huko, tuitazame hali ilivyo. Ukizikagua picha za wanyama zinazozunguka kwenye simu zetu, nyingi ni za maiti. Chatu aliyepondwa kichwa na kunyooshwa barabarani, vijana wamejipanga nyuma yake kama timu iliyotwaa kombe. Kenge ananing'inia kwenye fimbo. Papa juu ya toroli, mtu kamkanyaga mgongoni ili ukubwa uonekane. Mnyama aliye hai, anayeendelea na shughuli zake bila habari na sisi, ni nadra. Na akitokea akawa bundi, balaa. Niliona picha nzuri sana ya bundi aliyetua juu ya antena ya televisheni, macho wazi, michirizi ya kifuani ikihesabika mmoja mmoja, ikaombewa ifutwe papo hapo kwa sababu mama mmoja kundini alisema mwaka ule alikwisha zika wawili na hakutaka wa tatu. Mwenye picha akaifuta na kuomba radhi. Simlaumu yule mama, aliyefiwa habishaniwi. Lakini panya wa mtaa ule wana bundi mmoja tu wa kuwaogopesha, na sasa kila kijana aliyemwona kwenye simu anajua anakolala.

Kumpiga picha mnyama wa porini kulianza kwetu kama shughuli ya wageni, na wageni wale walikuwa na bunduki begani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini na kamera nzito na unga wa magnesi unaolipuka kutoa mwanga. Usiku alimfunga mnyama wa kufugwa awe chambo, akatega uzi. Simba akimrukia chambo anaugusa uzi, mwanga unalipuka, picha imepigwa. Zilipochapishwa mwaka 1905 watu wa Ulaya walishangaa. Mizigo yote ile ilipita nyikani vichwani mwa wapagazi.

Picha za maisha ya kila siku zilipita mlango mwingine, wa studio. Siku ya Idi watoto wanapelekwa na nguo zao mpya, wanasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa bustani au ndege ya abiria, wanaambiwa wasipepese macho. Filamu ilikuwa na picha 36 na mpiga picha hakubofya ovyo. Unasubiri iishe, ikasafishwe, urudi baada ya siku kadhaa ndipo ugundue ulifumba macho. Watu wa studio hawakwenda porini, na watu wa porini hawakujali nguo za Idi. Sasa wote wawili wamekutana ndani ya simu ya kawaida ya mtu wa Ngamiani, na bado hatujaamua tufanye nini na bahati hiyo.

Kwa nini basi iwe kila wiki? Anayetuma kila siku anaishia kutuma chochote, na wanaompokea wanaishia kutotazama. Anayengoja mwezi anasahau. Wiki inamlazimisha mtu achague, na kuchagua kunamfundisha kupiga picha kuliko ushauri wowote wa kamera: unapokuwa na nafasi moja tu ya Jumapili unakaa na picha zako za wiki, unaona kwamba zote umekata miguu ya watu, kwamba jua limekupiga usoni, kwamba yangeyange uliyedhani yuko karibu ni doa jeupe. Simu ilituondolea ukomo wa filamu. Wiki inaurudisha bila gharama.

Kwa mtu wa pwani wiki ina jambo jingine tena, ambalo mpiga picha wa Arusha au Dodoma hana haja ya kuliwaza.

Simama Sahare, pale mikoko inapokutana na tope, Jumapili moja mwezi ukiwa umeandama siku mbili zilizopita, saa nne asubuhi. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Sasa yamekupwa mbali sana, mizizi ya mikoko imebaki nje, na tope zima linatembea: kaa wadogo, dume mwenye gando moja kubwa kupita mwili wake, wanalipandisha na kulishusha, wanalipandisha na kulishusha, ukipiga hatua moja wote wanazama mashimoni. Ukikaa chini bila kutikisika kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, wanatoka tena, wa mbali kwanza. Mbele zaidi wanawake wameinama wanaokota chaza. Nyuma yao yangeyange anatembea kwa maringo.

Rudi Jumapili inayofuata, saa ileile, mahali palepale. Ni maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, na saa hii bahari imejaa. Si ule ujao wa bamvua, lakini mizizi imefunikwa, mashimo ya kaa yako chini ya maji, wanawake hawapo, ndege wamehamia kwingine. Asiyejua atatuma picha zote mbili na kuandika kwamba kaa wa Sahare wamekwisha.

Kila mvuvi anajua sababu. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo katika siku saba yamechelewa karibu saa sita: palipokuwa na kupwa sasa pana kujaa. Siku 14 zikipita yanakaribia kurudi kwenye saa yake. Na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kwenye pwani yetu huzidi mita tatu, yaani nyumba ya kawaida ya Makorora mpaka kwenye dari. Mpiga picha wa kila wiki aliyechagua ufukwe anajikuta na mifululizo miwili bila kukusudia, mmoja wa maji makubwa na mmoja wa maji madogo, na akiichanganya anajidanganya. Jumapili ya kwanza ailinganishe na ya tatu, ya pili na ya nne.

Hata hivyo hesabu ya wiki mbilimbili nayo inahama polepole, kwa sababu nusu ya mwezi ni siku 14 na robo tatu hivi. Ikipita miezi kadhaa, Jumapili iliyokuwa ya bamvua imekuwa ya maji mafu. Hapa watu wa Tanga wana kifaa ambacho mtalii hana: kalenda ya mwezi mwandamo iliyotundikwa ukutani karibu kila nyumba, kwa ajili ya kufunga na kufungua. Bamvua iko tarehe mosi mpaka tatu na kumi na tano mpaka kumi na saba, maji mafu karibu na tarehe nane na ishirini na mbili. Ukiandika tarehe ya mwezi na saa chini ya picha ya ufukweni umesema kina cha maji bila kupima. Sijaona mtu akifanya hivyo, na ni jambo la maneno mawili.

Mfululizo wa namna hii unaanza kuzungumza kadiri unavyorefuka. Kuanzia Septemba ndege wa ufukweni waliokwenda kuzaliana kaskazini ya mbali, wengine mpaka Siberia, wanarudi kwenye matope yetu, sululu kwa mdomo wake uliopinda wakiwa miongoni mwao. Aprili, kusi likishika, wengi wamekwisha ondoka. Mtu wa Jumapili anaweza kuonyesha wiki waliyotua na wiki waliyotoweka, na mwakani akaonyesha kama wamewahi au wamechelewa. Hakuna darasa la chuo linalohitajika kwa kazi hiyo. Inahitaji miguu na uvumilivu kidogo.

Au chukua kunguru, wale wa shingo ya kijivu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka, wakaenea mwambao wote. Wanapora mayai na makinda ya ndege wengine, na mtu mzima yeyote wa Chumbageni atakuambia kwamba zamani uani kwake palikuwa na ndege wadogo zaidi. Muulize tangu lini, na walikuwa wa aina gani, jibu linapotea. Jumapili hamsini za mwarobaini mmoja uani zingejibu sehemu ya swali hilo. Lakini kunguru hapigwi picha. Ni wa kawaida mno.

Pangani wamelipa gharama ya kutokuwa na kumbukumbu ya namna hii. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti, mivinje, na kasa walipanda kutaga mchangani. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na mawimbi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kumezwa bamvua ikijaa. Kasa bado wanapanda, na mayai yao huchukuliwa kupelekwa Ushongo, bara, yasife maji. Mjadala wa kwa nini Maziwe ilikwenda vile unategemea zaidi kumbukumbu za wazee: nani alikata miti, ilianza kuanguka upande gani, kabla au baada ya nini. Zama zile kamera ilikuwa mali ya wachache, hatuwezi kumlaumu mtu. Sasa hivi nahodha anayewapeleka watalii Maziwe wiki baada ya wiki ana simu mfukoni. Anawapiga wageni wakicheka na miwani ya kuzamia, picha zote zinafanana. Akigeuka akalipiga fungu lenyewe, kila safari kutoka pembe ileile, baada ya miaka mitano atakuwa na kitu ambacho Hifadhi za Bahari wangekitazama kwa makini sana.

Nyinyi wa upande wa simba mtaniuliza: je, cha adimu hakina maana? Kinayo, na Tanga tuna mfano mkubwa kuliko simba yeyote. Silikanti, samaki wa kale, alidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London alimchora kwa mkono na kuupeleka mchoro kwa posta kwa mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith, mchoro huo ndio uliomshtua. Nchini kwetu alianza kunaswa mwaka 2003, na muda si mrefu majarife ya wavuvi wa Tanga yakawa yanampandisha mara kwa mara. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kama kilomita 100 za pwani kuanzia kaskazini ya mlango wa Mto Pangani mpaka Mafuriko, kupita kidogo jiji. Sasa tazama kilichofanya serikali isogee. Samaki mmoja angeishia kuwa kioja cha gazeti. Hifadhi ilipatikana kwa sababu alinaswa tena na tena, na kulikuwa na watu wanaoandika tarehe, kina cha maji na kijiji. Hata huyo adimu kuliko wote alihitaji mfululizo.

Kwa hiyo maneno chini ya picha si pambo. Picha nyingi zinatumwa zikiwa na "Tanga raha", au "uumbaji wa Mola", au mioyo mitatu. Mola kaumba, ndiyo, lakini kaumba wapi na saa ngapi? "Mdiria, kando ya Mto Mkulumuzi, karibu na mapango ya Amboni, saa moja asubuhi, baada ya mvua ya usiku" inatosha kabisa. Na jina litafutwe. Wapo wavuvi wa Kasera wanaowatenganisha kolekole kwa kuwatazama mkia, wapo wakulima wa Muheza wanaowajua ndege kwa sauti tu, nao unawapata kwa simu moja tu. Kuandika "kindege" huku babu yako yuko hai ni uvivu.

Nikiri upande wa vifaa simu ina mipaka. Ndege aliye juu ya mnazi haifiki. Ukivuta picha unapata ukungu wenye mdomo. Wengine wanaweka simu kwenye tundu la darubini na inafanya kazi, ukiwa na mkono uliotulia. Lakini mpaka huo unaweza kuwa baraka kwa sababu unamshusha mtu chini, kwenye vitu vidogo. Kipepeo, konokono, kinyonga, kuvu wa mwambani. Amani kwenye Usambara Mashariki, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, lipo ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli. Mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta maeneo haya ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, likapelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Waulize abiria wa daladala ya Muheza kama wamewahi kuliona. Simu yoyote inaweza kulipiga vizuri, maana halikimbii.

Hapa ndipo penye mtego, na ndipo mchezo huu unapohitaji akili kuliko macho.

Nimesema picha bila mahali na tarehe imepoteza nusu ya thamani. Lakini mahali hapohapo ndipo mwindaji anapopatafuta. Simu ikiwashwa huduma ya mahali huandika ndani ya picha sehemu uliyosimama, kwa usahihi wa mita chache. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa na picha yenyewe hupunguzwa ubora. Ukiituma kama faili ili ibaki na ubora wake, taarifa zote zinakwenda nayo. Watu wanaopenda picha nzuri ndio wanaotuma kama faili, kwa hiyo mpiga picha makini zaidi ndiye anayevujisha zaidi.

Kwa kaa wa Sahare haijalishi, hakuna atakayemfuata. Kwa kakakuona ni hukumu. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ziliamua kuziweka aina zote nane za kakakuona kwenye orodha yenye ulinzi mkali kabisa wa biashara ya kimataifa, na hiyo yenyewe inaeleza jinsi magamba yake yanavyotafutwa. Vinyonga wa milima ya Usambara, hasa wenye pembe, nao wana wateja ng'ambo wanaowafuga vibandani. Kijana anayeandika kwa furaha "njia ya kwenda kisima cha pili, kulia kwenye mti mkubwa" amemfanyia mtu kazi yake.

Programu za kuhifadhi kumbukumbu za viumbe zimeliona tatizo hili. iNaturalist, iliyoanza 2008, huficha yenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini na kuonyesha tu eneo la takriban kilomita 22 kwa 22. Sisi wa kundi la mtaani hatuna mtambo huo, tuna busara tu. Kanuni ninayoiona inafaa ni hii: kiumbe wa kawaida aandikiwe mahali kamili, kiumbe anayeuzika atajwe kwa wilaya basi, na kiota kisitajwe kabisa mpaka makinda yaruke. Anayetaka kuchangia sayansi apeleke kumbukumbu yake kule inakofichwa, kundini abaki na "Usambara".

Na kuna mambo ambayo picha yoyote haistahili. Kummulika kasa kwa mwanga wa simu wakati anapanda kutaga. Anaweza kugeuka arudi baharini bila kutaga. Kuwatupia tumbili ndizi ili wakaribie: picha unapata, na mwenye nyumba aliye karibu anapata wezi wa kudumu. Kukata matawi yanayoziba kiota "ili mwanga uingie"; jua la adhuhuri la Tanga juu ya makinda yasiyo na manyoya halihitaji maelezo. Wapo wanaojitetea kwamba walikuwa waangalifu. Schillings pia alikuwa mwangalifu sana na vifaa vyake, ila chambo alikuwa hai.

Kwa picha za watu mambo ni tofauti, kwa sababu mtu anaweza kusema hapana. Soko la Mgandini asubuhi ni hazina: rangi za mapapai, mizani, mikono yenye hina inayohesabu sarafu, baiskeli zilizoegeshwa kwa safu maana huu bado ni mji wa baiskeli. Lakini muuza mboga hakufika sokoni awe picha yako ya Jumapili. "Shikamoo mama, biashara njema? Naomba kupiga hizi bamia zako," halafu ungoje. Akisema piga bamia, piga bamia, usipandishe simu mpaka usoni. Akikataa, nunua fungu lako uende zako. Mazishini usitoe simu kabisa. Watoto wa watu, hata wakikuzunguka wakipiga kelele "tupige, tupige", wana mama zao, na mama hajaulizwa. Nawaona wengi wanaomnyemelea mtu kwa mbali eti wapate hali halisi. Nawapa jibu la mzee mmoja wa Barabara ya Nane aliyekutwa amesinzia barazani na picha yake ikazunguka mji: "Hali halisi ni kwamba nilikuwa nimechoka."

Picha ya kila siku inayorudiwa kwa ridhaa, kwa upande wake, inazaa matunda kama ya ufukweni. Mama mmoja muuza futari akikubali apigwe sahani zake kila Ramadhani, utaona bei ya nazi kupitia uzito wa mchuzi, utaona magimbi yalipoadimika na mihogo ikachukua nafasi, na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, utaona msimu ukipita juu ya sinia lake: mwaka wa embe, mwaka wa machungwa, mwaka wa masika. Hiyo ni historia ya uchumi wa kaya ambayo hakuna mwingine anayeiandika.

Picha za akili mnemba nazitaja kwa kifupi kwa sababu hazistahili zaidi. Simba ametembea Raskazone jua likizama, chui amepanda mnara, papa ameingia barabarani baada ya mvua. Zinapendeza, na watu wanajua kutengeneza. Zikae kwenye vichekesho. Kundi la picha za wiki likizikubali hata mara moja, siku silikanti halisi akipandishwa Kigombe watu watasema umetengeneza. Hapo mwenye mfululizo anapata faida nyingine: ni rahisi kubuni simba mmoja, ni kazi ngumu kubuni Jumapili hamsini za tope zenye maji yanayolingana na tarehe ya mwezi.

Lipo pingamizi la watu wa hesabu: hizi ni anasa za wenye bando. Si kweli sana. Picha moja kwa wiki, ikitumwa kwa ukubwa wa kawaida, inakula kidogo kuliko video moja ya mpira ambayo mtu huyohuyo anaitazama akiwa kwenye foleni ya kinyozi. Gharama halisi iko kwingine, nayo haizungumzwi: simu zinaanguka majini, zinaibwa, zinajaa, na mtu anafuta "picha za zamani" ili apate nafasi ya programu mpya. Miaka mitatu ya Sahare inaondoka kwa kubofya mara mbili. Picha za studio za miaka ya 1970 bado ziko kwenye mabegi chini ya vitanda vya bibi zetu kwa sababu zilikuwa karatasi.

Kwa hiyo mwaka ukiisha, kati ya picha zako 52 chagua 12, moja ya kila mwezi, za mahali palepale, nenda nazo studio wakuchapie kwenye karatasi ya picha. Zimebaki studio za kutosha mjini, wanaishi kwa picha za pasipoti na watafurahi kupata kazi nyingine. Nyuma ya kila moja andika mahali, tarehe zote mbili, ya kawaida na ya mwezi mwandamo, na jina la kiumbe au la mtu aliyekubali. Tumia penseli laini, usikandamize. Wino wa kalamu ya kawaida haukauki vizuri kwenye karatasi zile, na ukizipanga utajikuta bamvua ya Machi imejichapa usoni mwa maji mafu ya Februari.